Baiskeli ya Mlimani na Mkwe Nisiyemjua

Kwanza ieleweke kwamba nilirudi nyumbani kwa hiari yangu. Huku kwetu mtu akirudi kutoka Dar es Salaam, watu humpokea begi huku wakimkagua kama amekonda, ili wajue kilichomrudisha ni ugonjwa au ni kufukuzwa kazi. Mimi nilishuka stendi ya Korogwe nikiwa nimenenepa, stashahada yangu ya kilimo iko kwenye fremu ya kioo, na friji inakuja nyuma na lori. Nilikuwa nimeuza mbegu na dawa za watu wengine kwa muda wa kutosha, nikaona sasa niuze za kwangu. Nikafungua duka la pembejeo Manundu, hapo hapo Korogwe mjini. Sikusaidiwa na mjomba, wala shangazi, wala mheshimiwa yeyote. Kila rafu mle dukani niliipigilia misumari mwenyewe, na mpaka leo hakuna hata moja iliyopinda.

Baiskeli niliinunua Tanga mjini, duka lilipoanza kuchangamka. Wateja wangu wengi ni wakulima wa milimani, na mimi huwafuata mashambani kwao, jambo ambalo wauza pembejeo wenzangu hawalifanyi. Pikipiki ningeweza kununua. Nalisema hili wazi kwa sababu liliwasumbua watu wengi kuliko lilivyonisumbua mimi. Lakini pikipiki anayo kila mtu. Nilichokitaka ni baiskeli ya mlimani: fremu ya alumini, tairi pana zenye meno, gia nyingi, breki za sahani mbele na nyuma, na shokapu kwenye uma wa mbele. Haikuwa ya bei mbaya. Muuzaji alikuwa nazo za ghali zaidi, zenye shokapu mpaka nyuma, nikazikagua moja baada ya nyingine na kuzikataa kitaalamu. Shokapu ya nyuma ni chuma kingine cha kuharibika. Mtu anayejua vitu hununua kinachomtosha.

Matokeo ya uamuzi huo ni kwamba baiskeli yangu ilikuwa laini mbele na kavu nyuma. Nikipita kwenye makorongo, mikono yangu ilikuwa inaishi mjini na makalio yangu yanaishi Kwaluguru.

Kwaluguru, Handeni, ndiko nilikozaliwa, na huko nilikwenda nayo kwanza ili mama yangu aione. Njia panda vijana wa bodaboda waliniona nikitoka vumbini na kofia yangu ngumu kichwani.

"Bosi! Hiyo pikipiki injini umeiacha wapi?"

"Muacheni," mwenzao akasema. "Huyo amesoma. Injini iko kichwani."

Huyo wa pili nilimwona ana akili.

Nyumbani mama aliizunguka baiskeli polepole. Shokapu aliipita, gia akazipita, breki za sahani hakuzitazama kabisa. Akaenda kusimama nyuma, kwa sababu kwetu baiskeli hupimwa kwa nyuma, kwenye keria, pale panapofungwa madumu ya maji, gunia la mahindi, mgonjwa, au mzazi wako. Yangu haikuwa na keria.

"Mimi nakaa wapi?" akauliza.

"Mama, hii ni ya mlimani."

"Mlimani hakuna akina mama?"

Nikaenda kunywa maji.

Sasa kuhusu siti. Siti ya baiskeli hii ni nyembamba na ngumu, na kwa kuwa nyuma hakuna shokapu, kila jiwe la wilaya mbili lilikuwa linanifikia bila kupunguzwa. Mwili wangu ulivumilia, maana mimi ni mtu wa kuvumilia. Suruali hazikuvumilia. Ile ya kaki ilipotoboka nikaipeleka kwa fundi cherehani aliyekuwa na kibaraza mkabala na duka langu, dada mmoja mrefu ambaye nilikuwa namsalimia tu kwa mbali. Aliinyanyua suruali yangu juu kwenye mwanga, mbele ya wateja wake, akachungulia barabarani kupitia kwenye tundu.

"Kaka, wewe unakalia msasa?"

"Nakalia baiskeli."

"Baiskeli gani hiyo inayokula watu?"

"Ni ya mlimani."

"Mimi ndiye wa mlimani. Kwetu Bungu. Sijawahi kuona mtu wa kwetu ana suruali kama hii."

Wateja walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Lakini kesho yake nilipokwenda kuichukua, kiraka kilikuwa cha kitambaa maradufu, kimeshonwa kwa mistari midogo iliyonyooka kama ya kiwandani, na rangi yake imetafutwa mpaka ikapatikana. Nikapeleka suruali ya pili. Nikapeleka ya tatu. Zilipoisha zilizotoboka nikaongeza safari za mashambani ili zitoboke nyingine. Ilifika mahali suruali zangu zote zina makalio mapya kuliko magoti, na mimi na yule dada tunazungumza habari ambazo hazihusiani na nguo.

Nikamtuma mjomba, kaka yake mama, kupeleka posa Bungu. Ndivyo inavyokwenda: mshenga anakwenda, wewe unabaki. Mjomba alivaa koti lake la harusi za wengine, akapanda, akarudi siku iliyofuata.

"Wamepokea," akasema. "Wametuambia tusubiri."

"Tusubiri nini?"

"Wanaangalia."

"Wanaangalia nini?"

"Wewe. Baba mtu hana neno. Mama mtu ndiye hajafungua mdomo. Wanasema kijana amekaa mjini sana, amesoma, anaendesha kitu kama cha watoto. Wanataka kujua kama bado anajua kuheshimu watu."

"Na elimu yangu wameionaje?"

"Elimu hawakuiuliza."

Hilo liliniuma. Lakini mtu aliyejitengeneza mwenyewe haombi mtihani upunguzwe. Kama kinachotakiwa ni heshima, heshima ninayo, nitaionyesha. Nikarudi Kwaluguru kumuuliza mama habari za wakwe, kwa sababu mambo hayo hayafundishwi chuoni.

Mama alinieleza huku anachambua mchicha. Mama mkwe si mtu wa kukutana naye uso kwa uso. Ukimwona anakuja njiani, wewe ndiye unayetoka. Unaingia majanini, unageuza uso pembeni, unamsalimia huko huko ulipo mpaka apite. Humshiki mkono, huli naye, hupigi naye soga. Wazigua na Wasambaa, akasema, hapo hatupishani sana.

"Na kama simjui?"

"Humjui vipi?"

"Sijawahi kumwona. Aliyekwenda ni mjomba."

Mama alifikiri, akatupa bua la mchicha.

"Basi wapishe wote."

Nilijaribu njia fupi. Nikamuuliza mchumba wangu mama yake yukoje. Hakuinua macho kwenye cherehani.

"Wa kawaida."

"Mrefu? Mfupi?"

"Kumlinganisha na nani?"

"Hana hata alama?"

"Mama yangu si ng'ombe."

"Basi nionyeshe picha kwenye simu."

Hapo aliinua macho. "Unataka kumkodolea mkwe wako macho kwenye simu? Ndiyo adabu ya Handeni hiyo?"

Nikaona ananifurahia kuliko anavyonisaidia.

Kwa hiyo nikatunga utaratibu wangu. Kila wiki nilikuwa na siku ya kupanda Bungu. Gari lilikuwa linaniacha na baiskeli yangu pale mlima unapoanza kukaza, nami napanda, kwingine kwa gia ndogo kabisa, kwingine kwa kusukuma. Jioni nateremka. Utaratibu ulikuwa huu: mwanamke yeyote anayeonekana kuwa na umri wa kumzaa mtu wa kuolewa, nampisha kama mkwe. Wakati wa kupanda ilikuwa rahisi. Wakati wa kuteremka ndipo ujuzi ulipohitajika, kwa sababu siku ya gulio wanawake wa Bungu wote wako barabarani, na barabara yenyewe upande mmoja ni ukingo na upande mwingine ni mashamba ya watu.

Niliingia kwenye maharage. Niliingia kwenye migomba. Niliingia kwenye mfereji uliokuwa na maji. Breki zangu zilikuwa safi, tairi zilishika, na mimi nilikuwa natoka njiani kwa ufundi ambao sijauona kwa mtu mwingine: nafunga ya nyuma, nageuza, nashuka, nalaza baiskeli, nageukia ukingo na kusema, "Shikamoo mama!"

"Marahaba mwanangu!" Halafu, "Kwani huko ukingoni kuna nini?"

Wengine walidhani najisaidia, wakaharakisha kupita wakiwa wamegeuza nyuso zao pia. Baada ya muda habari zikaenea kwamba yule kijana wa pembejeo anampisha kila mama kwa sababu hajui yupi ni wake, na wanawake wa Bungu wakaanza kuufurahia mchezo. Walikuwa wanatembea wametandaza msururu barabara nzima. Mmoja angekohoa kwa sauti ya kimkwe kabisa, mimi niko mferejini, naye angepita akisema, "Si mimi, baba, nilikuwa najaribu tu."

Sikujali. Niliona jina langu linapanda.

Kisha kukawa na ile kona kali ambako nilimkuta mwanamke mzee amesimama katikati ya njia na mzigo wa kuni kichwani. Nilichepuka kwa kasi, tairi la mbele likazama kwenye udongo uliolimwa, na mimi nikatangulia baiskeli kuingia kwenye maharage. Nikabaki pale pale nilipoangukia, uso chini.

"Shikamoo mama!"

Miguu ilinisogelea.

"Mama? Nani mama yako? Mimi ni bibi yake huyo fundi wako. Namzaa baba yake. Inuka, mume wangu, umuone mkeo."

Nilipumua. Bibi wa mchumba ni habari nyingine kabisa. Huyo ni mtani wako, anakuita mume, unamwita mke, na hakuna kinachokatazwa. Niliinuka nimejaa majani ya maharage.

"Mke wangu, mbona umenisimamia njiani?"

"Nilitaka nikuone. Nilisikia nimepata mume anayekimbia wanawake." Akaitazama baiskeli iliyolala. "Na hicho ndicho ulichonijia nacho? Kuni zangu zinakaa wapi?"

"Mke wangu, niambie kitu kimoja. Mkwe yukoje?"

"Yuko kama mkwe," akasema, akaondoka na kuni zake, na mabega yakicheka.

Ajali ile ilipinda kile kidude cha nyuma kinachohamisha gia. Nilikinyoosha mwenyewe kwa mkono na jicho, na hakuna fundi Korogwe nzima ambaye angekinyoosha vizuri zaidi, lakini tangu hapo cheni ilikuwa na wasiwasi. Na jibu la posa lilikuwa halijaja. Wiki zilipita. Mjomba akaanza kusema tumwachie Mungu, na mjomba akisema hivyo maana yake ameshaanza kuwaza familia nyingine. Mimi sikuwa na familia nyingine. Nilikuwa nakaa nyuma ya kaunta yangu nasikiliza cherehani ya ng'ambo, na ikinyamaza kidogo natazama.

Siku yenyewe ilikuwa ya msimu wa baridi, Bungu ukungu umeshuka mpaka magotini. Nilikuwa napanda na begi la mbegu mgongoni, cheni ikakatika katikati ya mlima. Nikaanza kusukuma. Mbele yangu alikuwa anapanda mkulima mmoja: koti refu la kiume, mabuti ya mpira, kofia ya sufu imevutwa mpaka masikioni, bomba la kupulizia dawa mgongoni, na kitambaa kimefungwa puani na mdomoni. Hicho kitambaa kilinifurahisha mno. Katika kila mkutano nilikuwa nawahubiria watu wajifunge kitambaa wanapopulizia, na huyu alikuwa wa kwanza kumwona ametii.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba," ikajibu sauti nzito ya mafua ndani ya kitambaa.

"Mzee wangu, wewe ndiye mkulima. Wenzako wanapulizia midomo wazi kama wanaimba kwaya."

Akaitika kwa kichwa. Nikaona bomba lake linavuja, mgongo wa koti umelowa. Nikamsimamisha. Nikafungua koki, nikakuta mpira wa ndani umewekwa kinyume, nikaugeuza, nikafunga. Uvujaji ukakoma pale pale.

"Limenilowesha wiki nzima," akasema.

"Ndiyo maana watu tunasoma, mzee."

Mtu mwenye adabu hamwachi mkubwa wake na mzigo, kwa hiyo nililichukua lile bomba nikalitundika kwenye usukani. Naye akasema basi atanisukumia nyuma, akaweka mkono kwenye siti. Tukapanda hivyo, mimi nimeshika mbele, yeye anasukuma nyuma, ukungu pande zote.

"Unakwenda kwa nani?"

"Kwa wakulima wangu. Lakini nisikufiche, mzee, nina posa huku. Nasubiri jibu."

"Ahaa. Limechelewa?"

"Limechelewa sana. Baba mtu hana neno. Tatizo ni mama."

"Ana nini?"

"Hasemi ndiyo, hasemi hapana. Nafikiri ni mtu mgumu."

"Inawezekana."

"Kuna akina mama, mzee, wakiona kijana amejitengenezea maisha mwenyewe wanaingiwa na hofu."

Alikohoa muda mrefu. Nikapunguza mwendo ili apate pumzi.

"Kwani wewe umejitengenezea nini?"

Swali hilo halikuwa limeulizwa na mtu yeyote tangu nirudi, nikalijibu kikamilifu. Nilimweleza duka. Nilimweleza rafu, na jinsi misumari inavyopangwa ili mbao isipasuke. Nilimweleza friji, stashahada, somo la udongo nililoongoza darasa zima. Nilimweleza jinsi nilivyochagua baiskeli hii nikaziacha za ghali. Tulipita kona mbili nikiwa bado naeleza. Yeye alikuwa anasukuma tu.

"Na huyo binti," akasema nilipovuta pumzi, "unampendea nini?"

Hilo nalo halikuwa limeulizwa. Nilisukuma hatua kadhaa bila kusema, na mtu yeyote anayenijua ataelewa uzito wa jambo hilo.

"Alinicheka mbele ya watu," nikasema. "Watu wengi wananicheka, mzee, najua. Lakini wengine wakishanicheka wanaondoka. Yeye alinicheka halafu akakaa chini akanishonea vizuri kuliko nilivyoomba."

"Ukimwoa, cherehani ataiacha?"

"Kwa nini aiache? Kazi yangu niliijenga kwa mikono yangu. Siwezi kumwambia mwenzangu aivunje ya kwake. Nitamjengea kibaraza kikubwa, kila mtu na mlango wake."

Baiskeli ilianza kusukumwa kwa nguvu zaidi, mpaka ikawa mimi ndiye ninayekimbilia usukani.

Juu kabisa barabara inainama tena kuteremkia kwenye nyumba. Mzee akasimama, akaitazama baiskeli, akashika breki akaiachia, akashika tena.

"Naomba nijaribu."

"Mzee, cheni imekatika."

"Kuteremka kunataka cheni?"

"Unajua kuendesha?"

"Nilijua zamani. Ya baba yangu."

Nilifurahi. Wenye pikipiki wote hawakuwahi kuniomba, na sasa mzee mwenye mabuti ananiomba. Nikavaa bomba mgongoni, begi la mbegu nikalihamishia kifuani, nikashusha siti, nikamweleza: mkono wa kushoto ni breki ya nyuma, anza na hiyo, ya kulia usiikamate ghafla. Akapanda kwa kurusha mguu kama mtu aliyezoea. Akaachia.

Alikwenda kama jiwe. Koti lilijaa upepo likasimama nyuma yake, na kutoka ndani ya kitambaa ikatoka sauti ya furaha ambayo sikuitegemea kwa mtu wa umri ule. Nilimkimbilia nyuma na mizigo yangu miwili nikipiga kelele, "Kushoto, mzee! Kushoto! Ya nyuma kwanza!" Kitambaa kikaruka. Kofia ikaruka. Nikaona mistari ya nywele zilizosukwa, na kitu cha kwanza nilichofikiri, naapa, ni kwamba mzee amesuka.

Watu walitoka kwenye nyumba. Mlangoni pa nyumba ya mbele alikuwa yule bibi, mke wangu wa kwenye maharage. Aliangalia baiskeli inayokuja, akaniangalia mimi ninayeifuata, akajishika kichwa.

"We mwanamke! Mkweo anakukimbiza na bomba!"

Baiskeli ilisimama mbele ya mlango bila kuteleza hata kidogo. Nataka hilo lijulikane: breki zilifanya kazi yake. Mwanamke aliyeshuka alikuwa mrefu, na alikuwa na mashavu ya fundi wangu.

Nilifanya kilichokuwa kimebaki kufanywa. Nilitoka njiani. Kilichokuwa karibu ni bustani ya maboga, nikaingia mzima mzima, nikalala kifudifudi, na maji ya kusuuzia yaliyokuwa yamebaki kwenye bomba yakanimwagikia shingoni.

"Shikamoo mama," nikasema ndani ya majani.

Marahaba haikuja. Nilisikia akimnong'oneza bibi, mabuti yakavuliwa mlangoni, mlango ukafungwa. Aliyekuja ni bibi, akikokota baiskeli yangu huku anajifuta machozi.

"Mume wangu, umemwambia ni mgumu?"

"Nimemwambia."

"Umemwambia anakuogopa?"

"Nimemwambia."

"Na amekusukuma mlima mzima."

"Alijitolea mwenyewe."

"Basi imebaki kunioa mimi," akasema.

Niliteremka. Akina mama waliokuwa njiani niliwapisha bila ufundi wowote. Manundu nikaenda moja kwa moja kwenye kibaraza cha ng'ambo nikamweleza mchumba wangu yote, sikuacha neno. Cherehani ilisimama katikati ya mshono, kitu ambacho sikuwahi kukisikia.

"Ulimsukumisha mama yangu baiskeli."

"Nilidhani ni mzee."

"Halafu ukamkimbiza."

"Nilikuwa namfundisha breki."

Alijifunika uso kwa gauni la mteja, mabega yakatikisika. Kama alikuwa anacheka au analia sikuweza kujua, na sikuthubutu kulivuta gauni.

"Nenda kwenu," akasema humo ndani. "Usipande Bungu tena mpaka uitwe."

Nilikwenda Kwaluguru. Mjomba aliitwa Bungu, akavaa lile koti, na uso aliokwenda nao ulikuwa wa kuzikia. Mimi nilikaa uani kwa mama nikifunga cheni mpya. Niliifunga, nikaifungua, nikaifunga tena. Mama hakunisema. Aliniletea uji, akakaa karibu, na kwetu mama akikaa karibu bila kusema ujue mambo ni mabaya.

Mjomba alirudi jua likiwa limeelemea. Akaomba maji. Akayanywa yote. Akaulizia kama kuna chakula, akala, akanawa. Ni mtu anayejua thamani ya habari zake.

"Wamekubali," akasema.

Mama alipiga kigelegele kuku wakatawanyika. Mimi niliuliza ilikuwaje.

Mjomba alisema mama mkwe mwenyewe alizungumza, mbele ya mumewe na wazee wa ukoo. Alisema tangu mwanzo hakuwa na neno la kupinga. Lakini siku watakayosema ndiyo, huyo kijana anakuwa mkwe, hatamtazama tena usoni, habari zake atazisikia kwa watu mpaka anaingia kaburini. Mtoto wake wa kike anakwenda kuishi na mtu ambaye hajawahi kubadilishana naye maneno. Kwa hiyo alizuia jibu kwanza, azungumze naye akiwa bado mtu baki. "Akasema," mjomba aliendelea, "nimehangaika kumpata huyu kijana. Kila nikimkaribia, anaingia kwenye maharage."

"Alikuwa mmoja wao!" nikasema.

"Zaidi ya mara moja. Siku ile aliposikia anaitwa mzee, aliona Mungu amempa nafasi, akakaza kitambaa."

"Kuhusu mimi amesemaje?"

"Amesema unaongea sana. Lakini ukiulizwa jambo la maana, unalijibu."

Nimefanya mitihani mingi na matokeo yake ninayo yote. Hakuna uliowahi kunieleza kwa usahihi namna hiyo.

Tukaoana, na kibaraza nilikijenga, kila mtu na mlango wake. Mimi na mkwe wangu hatujazungumza tena, na ndivyo inavyotakiwa. Akija Manundu kumwona mwanawe, mimi napitia mlango wa nyuma, nakaa stoo katikati ya mifuko ya mbolea mpaka aondoke. Baiskeli naiacha kibarazani. Mara nyingine nikitoka naikuta palepale, ila siti imeshushwa. Naipandisha, siulizi.

Ukuta wa stoo ni mwembamba na yeye anajua. Juzi nilimsikia anamwambia mke wangu kwa sauti ambayo haikuwa na haja ya kuwa kubwa vile, "Na mwenzako, bado anaongea sana?"

"Mama, sana."

"Na siku hizi anaongea nini?"

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na habari za tawi ninalofungua Handeni, na za mbegu mpya za kabichi, na za rafu. Nikakaa juu ya mfuko wa mbolea na mkono mdomoni, nikamsikia mke wangu akinielezea vibaya, kwa ufupi mno, akiruka mambo yote ya muhimu.